Minyororo ya Masika

Tulimwita Dereva tu. Madereva walikuwa wengi Musoma, wa pamba, wa misheni, wa maofisi, lakini ukisema "Dereva" pale kliniki bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Jina lake nalijua na siliandiki. Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, hayo watayasema wanaomhusu. Mimi nilikuwa nesi wa kliniki ya kutembea, nikakaa nyuma ya kisogo chake miaka mingi, na kisogo cha mtu kina habari nyingi ukikitazama kutoka Musoma hadi Bunda na kurudi.

Kilikuwa kisogo kipana chenye mkunjo mmoja. Mawingu yakisimama vibaya upande wa milimani, mikunjo ilikuwa miwili. Sisi wa nyuma hatukuwa na haja ya kuangalia mbingu. Tuliangalia mikunjo, tukajua kama leo tutalala kwetu.

Mwezi wa pili, vumbi la barabara ya Bunda likiwa bado linafika kifundo cha mguu na hakuna mwenye akili timamu anayefikiria mvua, yeye alianza kuiandaa Landrova kwa masika. Aliiegesha nyuma ya stoo yetu ya Iringo, akavua shati, na kuanzia hapo hukuruhusiwa kupiga mluzi karibu naye. Alizungushia nyaya za injini vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili maji yasizifikie. Springi alizipaka oili chafu. Jeki aliitafutia ubao mpana wa kuwekwa chini yake, maana jeki bila ubao kwenye tope huzama yenyewe na gari linabaki linakutazama. Kisha jembe, panga, kamba ya katani, magunia matupu. Mwisho kabisa aliitandaza minyororo ya magurudumu juani, akapita pete baada ya pete akiibonyeza kwa kidole gumba.

Asiyeijua mbuga ya kwetu huenda akacheka habari ya minyororo. Udongo ule mweusi ukinyeshewa hunata. Tairi hujaa tope mpaka likawa duara laini lisiloshika kitu, na gari huanza kwenda linakotaka lenyewe. Minyororo ndiyo kucha za gari. Bila hiyo, mwezi wa nne, hufiki popote.

Mke wake, aliyeuza dagaa sokoni Mwigobero na ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, alinipitia siku moja nikiwa nimesimama namtazama mumewe akiifuta ile minyororo. Akasema, "Umeona anavyoishughulikia? Mimi nikimwangalia najisikiaga vibaya. Utadhani anamvalisha maiti." Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea na njia yake na beseni lake kichwani.

Dereva alikuwa mtu wa miiko. Ndani ya gari lake hukuuliza tutafika saa ngapi. Mgeni mmoja, daktari mpya, aliuliza kabla hata hatujavuka Nyasho, na Dereva akasimamisha gari katikati ya barabara, akageuka, akamwambia taratibu, "Mtaalamu, hayo mambo yana mwenyewe." Gari likikwama hukusema limekwama. Ulisema limepumzika. Na kila abiria alikuwa na kazi yake, awe mkubwa awe mdogo. Mimi nilikuwa wa magunia, nikiyatandika mbele ya magurudumu na kuyakusanya tena yakiwa mazito kama ng'ombe aliyekufa, nami nimepakaa tope hadi kwenye nywele. Nililalamika sana. Nilikuwa na mdomo siku zile, na sidhani kama umepungua.

Aliogopa maji. Hilo lilituchekesha, maana alikaa karibu kabisa na ziwa, mlango wake ukitazama mitumbwi. Hakuogelea, hakupanda mtumbwi hata wa kwenda kumzika ndugu yake upande wa pili. Alizunguka kwa barabara akafika mazishi yamekwisha. Kamongo, yule samaki wa matopeni, hakula. Wanaume wenzake walimtania, kamongo ni chakula cha wanaume, yeye anakikataaje? Akajibu, "Yule analala kwenye matope na anaamka. Ana siri na matope. Mimi simwamini."

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na sauti yake ya chini ndiyo iliyoshikilia kwaya. Lakini tukifika mtoni, kabla ya lolote, nilimwona mara nyingi akidondosha chembe ya ugoro majini. Mwinjilisti mmoja tuliyempa lifti alimwona pia, akamuuliza huo ugoro ni wa nani.

"Mkono umeteleza, mwinjilisti," alisema.

"Umeteleza mara mbili."

"Basi na wewe uniombee mkono."

Mtoni alikuwa na utaratibu ambao ulituchosha hadi tukaapa kumshitaki. Abiria wote walishuka. Yeye, yule mwoga wa maji, alivua viatu, akakunja suruali, akauvuka mto wote kwa miguu akipapasa chini kwa nyayo, akarudi. Halafu alifungua minyororo. Ndiyo, ile minyororo aliyoifunga saa moja nyuma kwa jasho na matusi ya chini kwa chini, aliifungua yote, akavuka, akaifunga tena ng'ambo. Nikamuuliza kwa nini anatutesa.

"Minyororo ni ya tope," aliniambia. "Chini ya mto ni mchanga. Gurudumu lenye minyororo likizunguka kwenye mchanga linachimba, linajichimbia kaburi lake lenyewe. Ukiingia nayo mtoni, usisimame. Ukisimama, umekwisha."

Na wakati mwingine, baada ya kupapasa kote huko, alirudi, akavaa viatu na kusema, "Haliendi."

Neno hilo moja. Hukuwa na la kuongeza. Tulikuwa tunageuza na masanduku yetu ya dawa, akina mama ng'ambo wakitupungia mikono na watoto migongoni. Mara nyingine mto ulikuja kweli, tukausikia tukiwa tumeupa mgongo. Mara nyingine haukuja. Safari moja ya kwenda kijiji cha nyuma ya Butiama alituzuia, na kesho yake tukasikia hakuna hata tone lililoanguka. Watu walivuka siku nzima na mbuzi wao. Nilimwendea nikiwa nimechemka. Nilimwambia watoto wamekosa chanjo kwa sababu ya woga wake.

Aliendelea kukaza nati. "Mimi nimeaibika," akasema. "Wewe uko hapa unanigombeza. Afadhali hivyo."

Nikaenda kupanga upya masanduku ya dawa, nikiyabamiza.

Siku moja tu alinifungulia moyo, tukiwa tunangoja chai Bunda. Nilimtania kwamba angeandaa gari kidogo zaidi lingeota mabawa. Akasema watu wanamwelewa vibaya. "Wanafikiri naandaaga gari ili liende. Hapana. Gari bovu likikataa, wanasema dereva hajafanya kazi, litengenezwe liende. Gari langu likiwa zima, tairi zima, kila kitu kizima, nikisema haliendi hakuna wa kuniletea habari ya spana. Inabaki mimi na mto tu." Akapuliza chai yake. "Hapana yangu ndiyo mali yangu, nesi. Sina nyingine."

Nilielewa siku hiyo kwamba uhai wetu wote ulikuwa umening'inizwa kwenye neno la mtu mmoja, dereva, asiye na cheo. Hadi hapo lilikuwa limetosha. Nilianza kuogopa siku ambayo neno hilo lingekutana na mtu mwenye haraka na mwenye mamlaka.

Alikuwa na msaidizi. Huyu alikuwa mdogo wa mke wake, mwanamume mzima mwenye watoto, mcheshi, mpiga mluzi, mtu ambaye ukimkuta asubuhi siku yako inakwenda vizuri. Dereva alimfundisha kazi yote, na shemeji alijua kazi. Kwa kufunga minyororo alikuwa na kasi kuliko mwalimu wake. Nilimsifu mbele ya Dereva. Akatikisa kichwa. "Kufunga anajua. Kufungua anaonaga uvivu."

Ulikuja mwaka wa watu kuhamia vijijini. Nyumba zilijengwa haraka, nyingine zikapata kuta na hazikupata paa, na masika yakawakuta watu hivyo, vyombo vyao nje. Kliniki yetu haikupumzika. Ng'ambo ya mto mmoja, mbele ya Bunda, kulikuwa na kijiji kipya ambako wageni wakubwa walitazamiwa, na ofisi ikamtuma bwana mmoja kijana aende na gari letu kuhakikisha dawa zimefika na mambo yamekaa sawa. Alikuwa mtu mzuri. Nalisema hili makusudi, kwa sababu miaka yote watu wamependa kumfanya shetani. Njiani aligawana nasi mahindi yake ya kuchoma, na alishuka kusukuma gari na viatu vyake vya ofisi.

Bunda tuliwapakia akina mama wawili waliokuwa wanarudi kijijini huko huko, kila mmoja na mtoto. Mimi ndiye niliyewaombea nafasi, nilikuwa nimewapima watoto wale asubuhi ileile. Mbuga ilikuwa mbaya. Minyororo ilifungwa, tukaenda kwa kuteleza, magunia yangu yakafanya kazi yake, tukafika mtoni jua likiwa kichwani. Juu yetu mbingu ilikuwa safi kabisa. Maji yalikuwa ya magotini, yanapita polepole, na ng'ambo niliwaona watu wamekaa kwenye nyasi wanatungoja. Nikaangalia kisogo. Mikunjo miwili.

Tulishuka. Dereva akaingia mtoni, akaenda hadi katikati, akainama, akachota maji akayanusa. Kulikuwa na majani mabichi yanapita, na mavi ya ng'ombe. Hakumaliza kuvuka. Akarudi.

"Haliendi," alisema.

Yule bwana alitazama maji, akatazama mbingu. "Ndugu dereva, maji ya magoti haya."

"Magoti sasa hivi. Huko juu imenyesha."

"Gari lina tatizo?"

"Gari zima."

"Basi wewe ndiye mwenye tatizo." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu aliyechoka. "Nina watu wanaolala nje kule na dawa ziko hapa. Mimi siwezi kurudi kusema nilizuiwa na maji ya magoti. Kama unaogopa, sikulazimishi. Msaidizi wako ataendesha. Nipe ufunguo."

Dereva alichomoa ufunguo. Aliutoa kwa mikono miwili, mkono wa kulia ukitoa na wa kushoto ukiushika wa kulia, na goti limekunjwa kidogo, kama tulivyolelewa kumpa mkubwa kitu, ingawa yule bwana angeweza kuwa mwanawe. Kisha akaenda kukaa juu ya jiwe, akaupa mto mgongo.

Akina mama waliambiwa wapande ili watoto wasilowe. Wakapanda. Mimi nilibaki. Sikubaki kwa busara yoyote. Nilikuwa nimezoea tu kufuata kisogo kile, na kisogo kilikuwa kimekaa kwenye jiwe. Shemeji akawasha gari, akanipungia mkono, na nadhani alikuwa anapiga mluzi.

Walifika katikati vizuri. Halafu gari likasita juu ya kitu, jiwe au gogo, magurudumu yakazunguka pale pale, na nikaliona likishuka. Lilishuka sawasawa, nyuma na mbele, bila kuinama, kama mtu anayekaa kitini. Shemeji alitoa kichwa dirishani akacheka, akasema limepumzika. Yule bwana akaanza kukunja suruali ashuke.

Ndipo nikausikia mto unakuja. Kwanza ndege waliruka wote kwenye miti ya juu ya mto. Dereva alikuwa ameshasimama, ameshaanza kukimbia kuelekea majini, akipiga kelele kwa lugha ya kwao, na aliingia na viatu, hadi kiunoni, hadi kifuani, mtu yule ambaye hakupanda mtumbwi hata kumzika ndugu yake. Maji yenyewe yalimrudisha nchi kavu, mbali, kwenye vichaka. Mama mmoja alitoka hai, akiwa ameshika mzizi, mikono mitupu. Mmoja tu.

Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo.

Walikuja watu wa kuuliza maswali, wakaandika, wakamwona Dereva hana kosa. Alikataa, alilazimishwa, alisema kweli. Heshima yake ikapanda. Kila aliyekuja msibani alimshika mkono na kumwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilimwona kila mara akiuvuta mkono wake polepole na kutoka nje. Mkewe alikuwa amempoteza mdogo wake. Hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja, mwanamke yule ambaye alikuwa na neno kwa kila kitu, na nyumba ile ikawa na ukimya ambao ndani yake mimi sikuweza kumaliza kikombe cha chai.

Kuanzia hapo, akisema haliendi, hata wakubwa walishuka bila swali. Lakini alikuwa hasemi tena. Alifika mtoni, akasimamisha, akashika usukani akitazama mbele, akangoja sisi tuamue. Tukisema twende, alikwenda. Kuliandaa gari aliendelea nako, mwezi wa pili uleule, nyuma ya stoo ileile, isipokuwa minyororo hakuigusa. Alimwita mtu mwingine aifunge na kuifungua, yeye akisimama mbali akiangalia ukuta. Tulidhani ni uchungu wa shemeji yake. Tulimhurumia, tukaona tumemwelewa.

Miaka ikapita, akastaafu, wakahamia Nyasho kwa binti yao. Nilimtembelea mara ya mwisho alasiri moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, bati likilia juu yetu. Miguu yake ilikuwa imevimba, na nikiwa nesi niliona kwa kuangalia tu kwamba masika yale hatayamaliza. Mkewe alileta chai, akanipa pole ya njia, akatoka kwenda kwa jirani. Tuliongea habari za kliniki, nani amehamishwa, nani ameolewa. Halafu mvua ikaongezeka, na kwa kutafuta la kumfariji nikasema lile ambalo watu wote walikuwa wanalisema.

"Wewe angalau moyo wako mweupe, baba. Uliwaambia."

Akanigeukia. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Wewe ulikuwepo, nesi. Wale wengine nawasameheaga, hawakuwepo." Alipumua, ikachukua muda. "Nilikaa kwenye jiwe. Gari likanipita kuingia majini. Niliiona minyororo. Iko kwenye magurudumu, shemeji hajafungua. Niliiona kwa macho haya."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, fungua. Angenisikia, alikuwa ananiheshimu. Wangevuka wale. Maji yalikuwa bado. Wangevuka wakanicheka." Alikuwa anatazama bati. "Nikasema moyoni, si wamekataa kunisikia? Basi. Sasa wajue. Nilitaka likwame kidogo, nesi. Kidogo tu, wanifuate kwenye jiwe waniombe. Ile mvua ya juu niliijua, na bado nilitaka likwame."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa. Kazi yangu yote ilikuwa maneno hayo: pole, usijilaumu, mipango ya Mungu. Nilimtazama nikaona kwamba amelishwa maneno hayo miaka yote na yalikuwa yamemnyima usingizi. Nilikuwa na hasira naye, pia. Niliwaona tena wale akina mama wanapanda. Nilimpenda na nilikuwa na hasira naye, na nikasema nilichokiona.

"Ulikosea, baba," nikamwambia. "Ulifanya vibaya sana."

Alifumba macho. Nikadhani nimemuua. Kisha akaitikia, "Eeh," kwa ile sauti yake ya chini ya kwaya, na mabega yake yakashuka. "Eeh. Ni kweli."

Mvua ikapungua, tukaanza kusikia watoto wa jirani wanatoka nje kukanyaga madimbwi.

"Wale watoto wawili," akasema, "sikuwahi kuuliza. Niliogopa. Waliitwa nani?"

Nilikuwa nimewapima mwenyewe asubuhi ile, nikawaandikia kadi zao. "Wa kiume aliitwa Magesa," nikasema. "Wa kike Nyanjiga."

Aliyarudia yote mawili, polepole, kama mtu anayejifunza. La pili alilikosea. Nikamrekebisha, akalisema tena.